Kungoja Ujumbe wa Pili

Bujumbura, tarehe 9 Machi 2025

Apolline, mwipwa wangu,

Amani ya Bwana iwe nanyi hapo Bagira, Bukavu, maana amani ya serikali nasikia ilishapanda gari na kuondoka. Huku tu wazima kiasi. Tumejazana vyumba viwili, tantine wako, mke wangu, anakohoa, na miguu yangu imevimba tangu tulipotembea kutoka Kamanyola. Ulimi haujavimba, kwa hiyo jiandae.

Ninakuandikia kwenye karatasi kama watu wa zamani kwa sababu uliniambia simu zinapekuliwa kwenye vizuizi vyote. Barua anaibeba Marie-Louise, yule mama wa unga wa muhogo. Ukimwona, mpe kwanza chai ndipo umwombe barua. Na mwambie dada yangu Micheline kwamba mimi kaka yake nimesema aache ukaidi, ashuke kutoka Mumosho aje kukaa kwako mjini. Najua mama yako atakataa. Mwambie hata hivyo.

Sasa kazi yetu. Komite ya parokia ilitukabidhi mtambo wa tahadhari kabla vita haijaingia mjini, na vita haikufuta kazi, imeiongeza. Kila kijiji watu wawili wana simu ndogo. Wakiona wenye silaha wanakuja, wanatuma alama. Mashine iliyo kwenye stoo ya parokia hapo Bagira inapokea na kuvionya vijiji vyote vya jirani, ili watu wakimbie mapema. Kutoka Mumosho hadi Shabunda, na kisiwa cha Idjwi ndani yake. Mtambo mkubwa hivyo haubebwi na njia moja ya kuchora mifumo ya kompyuta. Ndiyo maana tuligawana: mimi nikachukua MERISE yangu ya kizee, inayouliza kwanza ni tukio gani linangoja tukio gani kabla kitu hakijafanyika; wewe ukachukua UML yako yenye vibonzo vya watu wa vijiti. Mimi nimechora mashine inavyoamua, wewe umechora mwanakijiji anavyoitumia. Nilikucheka, na nakiri sasa kwamba michoro yako ilinionyesha mambo niliyopitia juu juu. Njia zetu mbili zimekuwa wake wenza wanaopika jikoni moja bila kumwagiana maji ya moto.

Ombi langu ni moja. Usiguse kanuni ya wawili. Ujumbe wa kwanza usitoke nje mpaka wa pili, kutoka kijiji kile kile, uuthibitishe. Na asiwepo mtu yeyote hapo Bagira anayeweza kuusukuma kwa mkono wake, maana mtu huyo siku moja atawekewa bunduki kichwani.

Nisalimie wote. Ule, tafadhali, najua kompyuta inavyokusahaulisha sahani.

Mjomba wako,
Lucien

*

Bukavu, tarehe 4 Aprili 2025

Tonton,

Nakusalimu sana, wewe na tantine, na kikohozi chake kipone haraka. Marie-Louise alifika. Kizuizini walimvua kitambaa cha kichwa, wakampiga makofi, wakamwaga nusu ya unga wake, lakini barua ilikuwa mahali pengine na amekataa kuniambia wapi. Chai alikunywa vikombe vitatu.

Nilienda Mumosho kwa miguu kumpa Mama maneno yako. Jibu lake hili hapa, sijaongeza chumvi: « Ambia Lucien, yeye alikimbia na diplome zake. Miye niko na ngombe mbili na kaburi ya baba yetu. Diplome inabebwaka. Kaburi haibebwake. » Ndugu yako huyo, mmalizane wenyewe.

Mji umekaa vibaya. Siku zile za kwanza waliiba hadi milango na fremu za dirisha, na aliyekataa alipigwa risasi mbele ya mlango wake wenyewe. Thierry, mwanafunzi wako wa zamani anayenisaidia kulinda mashine, walimkuta barabarani na batri ya sola begani. Walimuuliza ni ya nani. Alichelewa kujibu, unamjua anavyowaza kwanza. Walimpiga kwa vitako vya bunduki mpaka jicho la kushoto likapasuka. Juzi amerudi kazini na kitambaa usoni, anasema jicho moja linatosha kuangalia vibonzo vyangu. Nilicheka, kisha nikambadilishia kitambaa.

Nimezunguka kutosha. Tonton, mtambo wetu umeua watu.

Jumamosi tarehe 22 Machi, saa nne asubuhi, ujumbe wa kwanza uliingia kutoka Cirhundu, kile kijiji kidogo juu ya Mumosho. Nilikuwa mbele ya mashine, niliuona ukiingia. Mashine ikaandika kwamba inangoja wa pili. Ikangoja. Nikampigia simu aliyetuma, mwalimu wa shule ya msingi. Alipokea akiwa anakimbia, na nyuma yake nasikia mayowe. Alinipigia kelele: « Nilituma! Nilituma zamani! Hii masini yenu iko nangoya nani? Batu beko nakufa, iko nangoya! » Ikakatika. Nikaanza kupiga simu kijiji kwa kijiji kwa kidole changu, nikapata viwili, vingine hakuna rezo, simu hazishiki.

Kijiji cha chini yao kilikuwa na soko siku hiyo. Hakuna aliyewaonya. Wenye silaha walishuka wakawakuta akina mama wamekaa na maharagwe yao, wakawakata kwa mapanga hapo hapo kwenye mikeka. Watoto walikuwa wamekimbilia depo, ghala la chumvi; walifunga mlango kwa nje, wakawasha moto. Nilienda kuzika. Vidole vya watoto wale vilikuwa vimeng'ang'ania chini ya mlango, kwenye ule upenyo. Nimekuandikia ili ujue mchoro wako unafanana na nini ukitoka kwenye karatasi.

Wa pili hakuthibitisha kwa sababu yeye ndiye aliyekufa kwanza. Walimkata kilimani, pale wanapopanda kutafuta rezo. Sisi ndio tuliochagua watu wawili wanaokaa nyumba za jirani na kupanda kilima kile kile, ili washirikiane sola moja ya kuchajia simu. Tuliona ni akili. Jina lake sitaliandika.

Kanuni yako inangoja maiti ajibu. Nataka ujumbe mmoja utoshe. Niandikie ndiyo, na siku hiyo hiyo nitabadilisha.

Apolline

*

Bujumbura, tarehe 27 Aprili 2025

Mwipwa wangu Apolline,

Pole. Naandika neno hilo na naliona dogo. Tumewaombea hapa, tantine wako alipiga magoti mpaka akashindwa kusimama. Mwambie Micheline kwamba kaburi la baba halitakimbia, yeye anaweza kukimbia na kulikuta. Thierry nampa mkono. Kuwaza kwanza ndipo ajibu nilimfundisha mimi darasani, na leo najuta somo hilo.

Umekataa kuandika jina la huyo wa pili. Sitauliza.

Ila kuhusu kanuni, jibu ni hapana. Soma mpaka mwisho kabla hujachana karatasi. Ukiacha ujumbe mmoja utoshe, kila mwenye simu moja anakuwa mfalme wa vilima vyote. Mwizi wa ng'ombe atatuma alama, kijiji kitakimbia, naye ataswaga mifugo akipiga mluzi. Wenye silaha watamkamata mtu mmoja, watamvunja vidole mpaka atume, na watu watakimbilia kwenye njia ile ile walikotegewa. Hofu inaua, Apolline, tena haihitaji panga. Unajua kilichotokea mwaka juzi kwenye zile mbio za tahadhari ya uongo, watu walipoivamia boti ya Idjwi. Juu ya hilo siandiki.

Wewe una hasira ya aliyeona. Mchoro hauchorwi kwa hasira. Tulipounganisha njia zetu tulikubaliana kwamba maamuzi ni upande wangu. Uheshimu ukuta huo.

Wako,
Lucien

*

Bukavu, tarehe 2 Juni 2025

Tonton,

Salamu zipo, zisome haraka. Mama mzima, Thierry mzima, mvua imekatika. Barua yako imechukua mwezi mzima kwa sababu barabara ilifungwa na Marie-Louise alilala msituni na maiti mbili kando yake. Alipofika hakutaka chai.

Unasema hasira yangu isichore. Haya, tuone ni nini kilichochora kanuni yako. Kwenye barua zako zote hujaandika jina la Charlène hata mara moja. Binti yako wa pekee alipanda ile boti ya Idjwi kwa sababu mtu mmoja alituma uongo kwenye simu za watu kwamba wanakuja. Boti ilijaa, ikapinduka mita chache kutoka ukingoni, watu wakakanyagana ndani ya maji. Mimi ndiye niliyemvuta na kumlaza kwenye mawe. Wewe ulirudi nyumbani, ukakaa mezani, ukachora kanuni ya wawili wiki ile ile. Na mimi nilinyamaza, nikasema mzee anaomboleza kwa namna yake. Sote tuliikubali kanuni ile kwa kukuonea huruma. Hakuna aliyeichunguza. Watu wa Cirhundu na wa sokoni wamekufa kwa huruma yetu.

Sasa nilipe deni la jina. Wa pili wa Cirhundu alikuwa Gracien. Ndiyo, huyo. Januari ulikaa mbele ya wazee ukapokea mbuzi wa mjomba katika mahari yangu, ukamtania mchumba wangu kwamba ni mwembamba mno. Niliyemweka kwenye mtambo ni mimi, kwa sababu nilimwamini kuliko watu wote. Walimkata shingo na mkono wa kulia. Mkono huo niliutafuta kwenye majani nikaupata. Nimemzika na koti lake la harusi.

Na kingine. Mama amechukua simu. Pale kwake wa kwanza ni Jean-Marie, katekista, na wa pili sasa ni Mama. Nilimkataza. Akaniambia: « Gracien alikuwa mutoto yangu pia. Kama mutoto alikufa juu ya hii simu, miye nitaiogopa ya nini? »

Kwa hiyo sasa kanuni yako inamngoja dada yako. Amua.

Apolline

*

Bujumbura, tarehe 6 Julai 2025

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Tantine wako alinikuta nalia akadhani kuna msiba mpya. Nikamwambia ni ule ule wa zamani, haukuwa umezikwa.

Charlène. Charlène alikuwa na miaka kumi na tisa. Haya, nimeandika. Gracien nilimpenda, na mbuzi yule nilikula nyama yake kwa furaha. Nisamehe kwa kukuambia uheshimu ukuta.

Sasa nisikilize, maana sijalala kwa ajili ya jambo hili. Kosa halikuwa kwenye njia yangu peke yake, wala mmoja kutosha si dawa. Kosa liko kwenye ule ukuta tuliojisifu nao. Katika njia yangu, tukio ni kitu kinachofika. Kisichofika hakina mahali pa kuandikwa, kwa hiyo mashine inakaa ikingoja mpaka Yesu arudi. Kumbuka ile michoro yako ya hali, niliyoiita vibonzo vya saa. Mle ndani una kisaa kidogo kinachosema: muda huu ukipita bila jibu, hali inabadilika. Wewe ulikuwa na saa, mimi nilikuwa na kungoja, na hatukuviweka meza moja kwa sababu kila mmoja alilinda jiko lake.

Tuviweke pamoja. Ujumbe wa kwanza ukifika, mashine imuulize wa pili papo hapo: kweli au uongo? Akisema kweli, tahadhari inatoka. Akisema uongo, inazimwa, na mwizi wa ng'ombe arudi kwao. Dakika kumi zikipita bila jibu, tahadhari inatoka vile vile. Mtu aliyeulizwa jambo kama hilo na akanyamaza, kunyamaza kwake ndiko kuthibitisha. Aliyeuawa naye awe shahidi.

Najua utataka dakika tatu. Kupanda kilima kutafuta rezo kunachukua karibu kumi, tulipima wenyewe. Ukiweka tatu, kila asiye na rezo atahesabiwa maiti na tutarudi kwenye boti. Weka kumi. Na wawili wasikae tena nyumba za jirani. Kila mmoja na sola yake, komite itafute.

Mfundishe dada yangu vitufe polepole. Usimpigie kelele, hushindi.

Mjomba wako anayekupenda,
Lucien

*

Bukavu, tarehe 14 Septemba 2025

Tonton wangu,

Nakusalimu wewe na tantine. Keti kwanza. Thierry anakusalimu, Marie-Louise nimemwomba akupe barua hii akiwa amekaa nawe na asiondoke mpaka umalize kusoma.

Tulifanya kama ulivyosema. Nilitaka dakika tano, tukagombana mimi na Thierry, mwisho tukaweka kumi zako. Agosti ilifanya kazi mara ya kwanza: upande wa Mwenga kijana mmoja alituma alama ili watu waache mashimo ya dhahabu na yeye ashuke kuchimba, mwenzake wa simu akajibu uongo, ikazimika. Nilikuandikia siku hiyo barua ya kukusifu. Waliichana kizuizini pamoja na nyingine zote. Mama nilimfundisha vitufe kwa siku nzima. Moja kweli, mbili uongo. Alisema ni kazi ndogo kuliko kukamua.

Alhamisi tarehe 4, saa tatu asubuhi, Jean-Marie alituma. Mashine ikamuuliza Mama: kweli au uongo? Sikuogopa sana mwanzoni. Unamjua, hajawahi kukosa jibu tangu azaliwe, na nyumba yake ina rezo hadi jikoni. Nikakaa mbele ya kioo nangoja moja yake. Nikampigia, simu inaita tu. Thierry akaja akasimama nyuma yangu, akaweka mkono kwenye kiti. Mimi nilikuwa nasema kwa sauti, bonyeza Mama, bonyeza tu, hata mbili, bonyeza.

Dakika zikaisha. Mashine ikatuma.

Watu wa kilima kile na wa vilima vya jirani walishuka korongoni wakiwa na watoto wao, wengine na vyungu bado vya moto. Wenye silaha walipofika walikuta nyumba tupu. Walichoma kila kitu, walipiga risasi mbwa, waliharibu hata madhabahu. Waliokimbia hakuna hata mmoja aliyekatwa. Hakuna mtoto aliyefungiwa mlango.

Mama walimkuta mwanzo kabisa, kabla ya wote, kwa sababu nyumba yake ndiyo ya kwanza ukitokea mtoni. Alikuwa amefungua ng'ombe mmoja, wa pili bado kamba iko mkononi mwake. Risasi mbili kifuani, na panga hapa shingoni, sijui kwa nini, alikuwa tayari amekufa. Simu ilikuwa kwenye fundo la kitenge chake. Ilikuwa imewaka, na swali letu bado limeandikwa juu yake.

Jean-Marie alinishika mabega mbele ya watu wote akaniambia: « Apo, kama masini ingengoya maman yako, tungeishaka sisi bote. » Akina mama walikuwa wananishukuru. Wananishika mikono, Tonton, wananishukuru, na mimi natafuta pa kukimbilia. Tumemzika kando ya babu, kama alivyotaka.

Hesabu yako ilikuwa sawa, na saa yangu ilikuwa sawa. Kanuni hiyo ibaki hivyo, na mtu yeyote akija kuibadilisha, hata kama ni mimi, mkatalie. Huenda siku moja nitakuja nikiwa na hasira nikuombe uiongezee muda.

Mashine ilimngoja Mama dakika kumi tu, ikaendelea na kazi. Ingekuwa mimi, ningekuwa namngoja mpaka leo, na watu wote wale wangekuwa wamekufa.

Mwanao,
Apolline